Biafra ilishindwa wapi: Ore, Bonny au mezani?

Swali la msomaji: "Shuleni tulifundishwa kwamba Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra mwezi Aprili 1968. Baadaye nikasoma kwamba Agosti 1967 askari wa Biafra walivuka Mto Niger wakafika Ore, wakabakiza mwendo wa saa chache tu kuingia Lagos. Watu waliofika mbali kiasi hicho, tena wakatambuliwa na nchi rafiki, walishindwaje? Ni mapigano gani hasa yaliyowamaliza? Na uamuzi wa Tanzania ulibadilisha nini kwenye uwanja wa vita?"

Jibu: Usianzie Ore. Ukianzia Ore utaona vita vya bahati mbaya, jeshi lililokaribia ushindi likateleza. Vita hivi havikuwa hivyo. Biafra, kanda ya mashariki ya Nigeria iliyojitenga mwaka 1967, ilianza kupoteza sehemu ya watu wake siku 3 kabla haijatangazwa, na ikapoteza bahari siku 19 baada ya vita kuanza. Ore, shambulizi la Abagana, hata tangazo la Dar es Salaam, vyote vilikuja juu ya hasara hizo mbili.

Chora ramani. Magharibi weka Mto Niger, mashariki mpaka wa Kamerun, kusini bahari. Hiyo ndiyo iliyokuwa Kanda ya Mashariki ya Nigeria, yenye watu wapatao milioni 12 kwa sensa ya 1963. Waigbo walikaa katikati na kaskazini. Pwani na upande wa mashariki walikaa Waijaw, Waogoni, Waibibio, Waefik na wengine. Hawa wasio Waigbo walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi, na ardhi yao ndiyo iliyobeba njia za kutokea baharini, ikiwamo Calabar na mito inayozunguka Port Harcourt, pamoja na sehemu kubwa ya visima vya mafuta. Ramani hiyo uwe nayo mkononi muda wote.

Chimbuko la mgogoro linajulikana, nitalipita upesi. Tarehe 15 Januari 1966 mameja kadhaa, wengi wao Waigbo, walipindua serikali na kuwaua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, kiongozi wa Kaskazini Ahmadu Bello na wengine. Jenerali Aguiyi-Ironsi akashika madaraka. Tarehe 29 Julai mwaka huohuo maofisa wa Kaskazini wakalipiza kwa kumwua Ironsi, na Yakubu Gowon akawa mkuu wa nchi. Septemba na Oktoba maelfu ya watu wa Mashariki waliuawa kwenye miji ya Kaskazini. Zaidi ya milioni moja walikimbilia kwao, wengine wakiwa na majeraha, wengine mikono mitupu. Bila mauaji hayo hakuna Biafra, na msomaji anayeyaruka hataelewa kwa nini watu wale walivumilia vita vya miaka miwili na nusu na njaa bila kuinua bendera nyeupe.

Januari 1967 Gowon na Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu, gavana wa Mashariki, walikutana Aburi, Ghana. Wakakubaliana kwamba maamuzi makubwa yasipitishwe bila ridhaa ya magavana wote wa kijeshi. Gowon aliporudi Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, maofisa wakuu wa serikali wakamwonesha kwamba amekubali kuiacha serikali kuu bila meno. Amri Na. 8 ya Machi 1967 ikarudisha sehemu kubwa ya makubaliano, lakini ikabakiza kifungu kilichoruhusu hali ya hatari kutangazwa katika kanda yoyote kwa ridhaa ya magavana watatu kati ya wanne. Ojukwu alisoma hesabu hiyo akaona gavana wa nne ni yeye. Akakataa, na mwisho wa Machi akaamuru mapato ya serikali kuu yanayokusanywa Mashariki yabaki Mashariki.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi mmoja mzito kuliko mapigano yote yaliyofuata. Tarehe 27 Mei 1967 Gowon aliivunja Nigeria ya kanda nne na kuunda majimbo 12. Kaskazini iligawanywa sita. Mashariki iligawanywa tatu: jimbo moja la Waigbo lisilo na pwani, na mawili ya watu wa mito na bahari. Kwa amri moja Waijaw na Waefik walipewa jimbo ambalo wazee wao walikuwa wakilidai tangu kabla ya uhuru, kwa sharti moja ambalo halikuandikwa: Nigeria ishinde. Watu wa Ukanda wa Kati, Wativ na jirani zao, waliokuwa wamejaa katika jeshi la ardhini, nao wakaondokana na utawala wa Kaduna, makao makuu ya Kaskazini. Ojukwu alipotangaza Jamhuri ya Biafra tarehe 30 Mei, alitangaza nchi ambayo theluthi ya watu wake, na karibu pwani yake yote, walikuwa wameshaahidiwa kitu kingine. Wapo waliobaki na Biafra kwa moyo wote. Philip Effiong, aliyekuja kuwa naibu wa Ojukwu, alikuwa Mwibibio. Lakini Isaac Boro, Mwijaw, alipigana upande wa Lagos hadi alipouawa mwaka 1968, na hakuwa peke yake. Jeshi linaloingia kijiji likapata mtu wa kulionesha njia kwenye mikoko limeshapata nusu ya kazi.

Vita vilianza tarehe 6 Julai 1967. Lagos iliviita operesheni ya polisi na kutarajia vimalizike upesi. Upande wa kaskazini Garkem na Nsukka zilitekwa mapema, lakini habari kubwa ya mwezi huo ilitoka baharini. Tarehe 25 Julai wanamaji wakishirikiana na askari wa kamanda wa Nigeria, Benjamin Adekunle, walishuka Bonny.

Bonny ni kisiwa kwenye lango la mto unaopanda hadi Port Harcourt, kilomita zipatazo 40 juu. Meli yoyote ya kwenda Port Harcourt lazima ipite hapo, na gati la kupakilia mafuta ghafi lilikuwa hapohapo. Ndiyo maana ukisoma kwamba Port Harcourt ilibaki mikononi mwa Biafra hadi Mei 1968, usidhani ilikuwa bandari kwa maana ya kufanya kazi. Ilikuwa mji wenye gati zisizofikiwa na meli. Katika wiki hizohizo Lagos na Enugu, makao makuu ya Biafra, zilikuwa zikigombea mrabaha wa kampuni ya mafuta ya Shell-BP, na kampuni ikaelekea kuilipa Biafra kiasi kidogo cha kuanzia. Lagos ikajibu kwa kuzuia meli za mafuta, kisha ikachukua Bonny yenyewe. Uingereza, iliyokuwa bado inapima upepo, ikaona mafuta yatatoka kwa mwenye bahari. Biafra ilitegemea mafuta yalipe gharama za vita. Mapato hayo yaliziba kabla vita havijafikisha mwezi.

Baada ya Bonny, Ore inasomeka vizuri zaidi. Ojukwu hakuwa na njia ya kuifungua bahari, kwa hiyo alitafuta kuimaliza vita kwa pigo moja la nchi kavu. Alfajiri ya 9 Agosti 1967 msafara wa malori na magari ya raia ulivuka daraja la Niger kutoka Onitsha kwenda Asaba. Kanda ya Kati-Magharibi ilikuwa na maofisa wengi Waigbo katika kambi zake, na wengi hawakuzuia. Kabla ya jua kutua Jiji la Benin, Warri na Sapele zilikuwa zimechukuliwa karibu bila risasi. Kutoka Benin barabara ya lami inakwenda Ore, na Ore iko takriban kilomita 200 kutoka Lagos. Lagos wakati huo haikuwa na jeshi la maana upande huo; wengi wa askari wake walikuwa kaskazini mwa Biafra au na Adekunle pwani.

Kilichoharibika ni siku walizokaa Benin. Kamanda wa msafara alikuwa Victor Banjo, Myoruba, aliyechaguliwa makusudi ili Wayoruba waone kwamba hawavamiwi na Waigbo. Banjo alikuwa na siasa zake: alitaka kuiondoa serikali ya Gowon na kuijenga Nigeria upya, si kuipanua Biafra. Ojukwu alimteua mtu wake, Albert Okonkwo, kuitawala Benin. Wakavutana juu ya nani anatawala na kwa jina la nani, na Banjo akatafuta mawasiliano na wakubwa wa Magharibi. Mvutano huo ulikula siku ambazo shambulizi la kushtukiza haliwezi kuzirudisha. Ukishavuka mto bila adui kujua, nguvu yako yote ni mwendo. Petroli, risasi na askari walikuwa wachache, na kila asubuhi iliyopita Lagos ilijaza malori yake.

Siasa nayo iligeuka. Mwanzoni mwa Mei Obafemi Awolowo, kiongozi wa Wayoruba, alikuwa amesema kwamba Mashariki ikitolewa Nigeria, Magharibi nayo itajiona huru kutoka. Kauli ile iliwapa watu wa Enugu matumaini makubwa mno. Kufika Juni Awolowo alikuwa ndani ya serikali ya Gowon akishika fedha. Msafara wa Biafra ulipofika Ore, mlangoni mwa nchi ya Wayoruba, ulionekana kama uvamizi, na Magharibi iliyokuwa ikisitasita ikasimama na Lagos. Gowon akatangaza vita kamili, Divisheni ya Pili ikaundwa haraka chini ya Murtala Muhammed, na Biafra ikarudishwa nyuma kutoka Ore. Tarehe 20 Septemba Murtala aliingia Benin, siku moja tu baada ya Okonkwo kutangaza "Jamhuri ya Benin". Siku mbili baadaye Banjo alipigwa risasi Enugu kwa kosa la kupanga mapinduzi, pamoja na Emmanuel Ifeajuna, mmoja wa mameja wa Januari 1966. Enugu yenyewe, makao makuu, ilianguka tarehe 4 Oktoba.

Kwa hiyo jibu langu juu ya Ore ni hili: kijeshi ilikuwa inawezekana kwa siku chache, kisiasa haikuwezekana kabisa, kwa sababu msafara ulikuwa na wakubwa wawili wenye makusudi mawili. Hata kama wangeingia Lagos, sioni nani angewapokea.

Usipite Asaba haraka. Biafra ikirudi ilililipua daraja la Niger, na askari wa Murtala wakakwama ng'ambo. Katika siku za kwanza za Oktoba 1967 waliua mamia ya wanaume na wavulana wa mji huo, wengi wao wakiwa wamejitokeza kwa nyimbo na mavazi meupe kuwakaribisha na kutangaza Nigeria moja. Habari hizo zilivuka mto kabla ya jeshi lenyewe. Mtu wa Onitsha aliyezisikia hakuhitaji kushawishiwa na redio kwamba kusalimu amri ni kufa.

Onitsha ni somo la namna mto unavyoliua jeshi. Murtala alivuka kwa boti Oktoba 1967 bila kusubiri. Askari wake waliingia mjini, wakatawanyika kwenye soko kubwa na kuanza kupora badala ya kushika ukingo na barabara za kuingilia. Biafra ikawarudia, na waliokuwa wamevuka wakaangamizwa kwa sababu nyuma yao palikuwa na maji tu. Alijaribu tena mara mbili, akashindwa. Mwishowe alivuka mbali kaskazini, Idah, mahali ambapo ng'ambo palikuwa tayari mikononi mwa Lagos, kisha akashuka kwa barabara hadi Onitsha, akaingia Machi 1968. Lakini barabara ya nyuma yake hakuilinda. Tarehe 31 Machi msafara wa magari yapatayo 100, yenye petroli na risasi, ulivamiwa Abagana na kundi dogo la Meja Jonathan Uchendu. Lori la mafuta liliwaka, moto ukaruka gari hadi gari kwa kuwa yalikuwa yamefuatana kwa karibu mno.

Abagana ndiyo inayosimuliwa zaidi, na ilistahili sifa. Lakini angalia ramani yako asubuhi ya 1 Aprili: Onitsha bado imo mikononi mwa Lagos. Calabar ilishakwenda tangu Oktoba 1967, na pamoja nayo njia ya Kamerun, ambayo Rais Ahidjo aliifunga upande wake. Pesa nazo zilikuwa zimepigwa: Januari 1968 Lagos ilibadilisha noti kwa muda mfupi, na akiba ya Biafra ya pauni za Nigeria, iliyokuwa ikinunulia silaha Ulaya, ikawa karatasi. Amri ile ya Wizara ya Fedha iliiumiza Biafra kuliko Abagana ilivyoiumiza Nigeria.

Sasa Tanzania. Tangazo lilitoka tarehe 13 Aprili 1968. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeshalaani kujitenga katika mkutano wa Kinshasa Septemba 1967, kwa hiyo Mwalimu alikwenda kinyume na karibu bara zima. Hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya raia wake. Raia wakiuawa kwa asili yao na dola isiwalinde, umoja umeshavunjwa na waliowaua, na hauwezi kurudishwa kwa mizinga. Lagos ilivunja uhusiano wa kibalozi na Dar es Salaam. Gabon ilifuata tarehe 8 Mei, Côte d'Ivoire tarehe 14, Zambia tarehe 20. Haiti ilikuja mwaka uliofuata, kisha basi.

Ziweke tarehe hizo kando ya vita. Adekunle aliiteka Port Harcourt tarehe 19 Mei 1968, siku moja kabla ya tangazo la Lusaka. Mazungumzo ya Kampala, chini ya Rais Obote, yalifunguliwa tarehe 23 Mei. Ujumbe wa Biafra, ukiongozwa na Louis Mbanefo, ulifika ukiwa na nchi nne za kuutambua na bila bandari hata moja. Ulitaka silaha zisimamishwe kwanza ndipo watu wazungumze. Anthony Enahoro kwa niaba ya Lagos alitaka kujitenga kufutwe kwanza. Aliyekwisha kuchukua bandari hakuwa na haraka, na mazungumzo yakavunjika kabla ya Juni.

Tanzania haikupakana na Biafra wala haikuwa na njia ya kuifikia. Iliyosaidia kwa vitendo ni Gabon, kwa sababu uwanja wa Libreville ukawa kituo cha silaha zilizopitishwa kimyakimya na Ufaransa kuanzia robo ya mwisho ya 1968. Lakini ni vigumu kuona Libreville, Abidjan na Lusaka zikitangulia kama Dar es Salaam isingefungua mlango. Naamini pia kwamba tangazo lile liliwapa viongozi wa Biafra sababu ya kukataa masharti ya Lagos katikati ya 1968, wakingoja nchi ya tano na ya sita. Nasema hivyo bila kuipunguzia heshima hoja ya Mwalimu. Hoja ilikuwa ya haki za watu, na kwa haki za watu ilisimama. Ila kwenye uwanja wa mapigano matokeo yake yalikuwa muda zaidi, na muda huo ulilipiwa na watoto.

Baada ya Port Harcourt, Biafra ilikuwa kisiwa cha nchi kavu kilichojaa wakimbizi, kilichokatwa kutoka kwenye samaki wa pwani, chumvi na ng'ombe wa Kaskazini. Mihogo ilikuwepo, protini ndiyo iliyokosekana, na unyafuzi ukaanza. Chakula na silaha viliingia kwa mlango mmoja, kipande cha barabara kuu kilichopanuliwa pale Uli. Ndege zilitua usiku tu, taa zikiwashwa kwa muda mfupi wa kugusa ardhi kisha kuzimwa, huku ndege ya Nigeria ikizunguka juu kutafuta pa kudondosha mabomu. Mashirika ya makanisa peke yake yalifanya safari zaidi ya 5,000 kutoka São Tomé, yakibeba tani zipatazo 60,000.

Hapa palikuwa na uamuzi wa kisiasa ambao pande zote mbili zinapaswa kuubeba. Lagos ilisema chakula kije kwa barabara au kwa ndege za mchana zilizokaguliwa, na baadhi ya wakubwa wake walisema waziwazi kwamba njaa ni silaha halali. Ojukwu alikataa barabara akihofia sumu na kufuatwa na majeshi, akakataa ndege za mchana kwa sababu ndege za silaha zilijificha katikati ya zile za chakula usiku. Fedha za kigeni ambazo mashirika ya misaada yalitumia ndani ya Biafra nazo zilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake vya mwisho vya kununulia silaha. Juni 1969 Nigeria iliidungua ndege ya Msalaba Mwekundu, na shirika hilo likasimamisha safari zake. Inakadiriwa kwamba waliokufa katika vita nzima ni kati ya laki tano na milioni tatu, wengi kwa njaa na maradhi.

Kijeshi 1969 ulikuwa mwaka wa kubadilishana miji. Tarehe 22 Aprili Umuahia, makao makuu mapya, ilitekwa. Siku 3 baadaye Biafra ikaikomboa Owerri baada ya kuizingira kwa miezi. Adekunle alikuwa amesukuma askari wake Owerri mbele mno kuliko njia ya chakula na risasi ilivyoweza kufika, kosa lilelile la Murtala kwa sura nyingine. Mei akaondolewa, nafasi yake akachukua Olusegun Obasanjo, ambaye hakuharakia kuteka miji. Alipanga upya divisheni iliyochoka. Mwishoni mwa Desemba askari wake na wale wa Divisheni ya Kwanza waliungana, Biafra ikakatwa vipande viwili. Mapema Januari 1970 Owerri ilianguka tena, kisha Uli.

Ojukwu aliondoka Uli kwa ndege tarehe 11 Januari, akapewa hifadhi Côte d'Ivoire, mojawapo ya zile nchi nne. Effiong ndiye aliyebaki kusoma tangazo la kusalimu amri redioni siku iliyofuata, na tarehe 15 Januari alikwenda kambi ya Dodan, Lagos, kuliweka rasmi mbele ya Gowon. Gowon alisema hakuna mshindi wala mshindwa, na mauaji ya halaiki ya kulipiza kisasi yaliyoogopwa hayakutokea. Lakini Mwigbo aliyekuwa na akiba benki na kuitumia wakati wa vita alirudishiwa pauni 20, hata kama aliweka elfu. Na Waijaw walioahidiwa jimbo la Rivers tarehe 27 Mei 1967, walilipata.